Kifungo na Kufunguliwa: Somo katika Haki ya Mfungwa

Sifa njema zote zamthubutikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa walio huru na waliofungwa, Aijuaye siri ya kila nafsi. Na sala na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa ni rehema kwa viumbe vyote, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: Ndugu zangu, somo letu ni khabari ya kifungo. Ni jambo tulisikialo likitajwa kila siku sokoni na barazani, wala hatulifikiri. Mtu akisema, “Fulani amefungwa,” hujibiwa, “Ameyataka mwenyewe,” kisha mazungumzo hugeuka yakawa ya bei ya mchele. Haulizi mtu: Amefungwa kwa kosa gani? Amekwisha kuhukumiwa, au yungali angojea hukumu? Atatoka lini? Na yeye na watoto wake walishwa na nani? Maswali haya manne wanavyuoni wetu waliyauliza tangu karne za kwanza za Uislamu, nasi tumeyaacha. Makusudio ya somo hili ni kuyarejesha, ili kila mmoja wetu ajue kilicho juu yake.

Maana ya kifungo

Tuanze kwa maneno. Neno “gereza” si letu la asili. Wajuzi wa lugha wasema kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, nasi tukaziita kwa jina hilo ngome zilizojengwa pwani hii. Ngome ya Mombasa, iitwayo Fort Jesus, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikawa ni ngome ya vita na makao ya askari kwa muda mrefu. Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895 waliifanya jela, ikabaki hivyo mpaka mwaka 1958, na tangu mwaka 1960 ni nyumba ya makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa ni jela mpaka mwaka 1984. Basi kuta zilizojengwa kumzuia adui wa nje asiingie, zikageuzwa kumzuia mwenyeji asitoke.

Ama neno “kufunga” ni letu, nasi twalitumia kwa mlango, kwa mzigo, kwa saumu na kwa mtu. Na ajabu ya lugha yetu ni kuwa kila penye kufunga pana kufungua, na maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mzigo hufungwa ili ufunguliwe ufikapo. Afungaye saumu ajua kuwa jua likichwa atafungua, na kwa kujua huko subira yake huwa nyepesi. Lakini mahabusi aliyewekwa ndani akingojea hukumu, naye haelezwi kesi yake itasikizwa lini, huyo amefungwa asijue magharibi yake.

Katika lugha ya fikihi, kifungo chaitwa *habs*, nayo maana yake ni kuzuia. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 wa Hijra (1350), ameeleza kuwa kifungo cha sharia si kumtia mtu mahali penye dhiki. Maana yake ni kumzuia asijiendee atakako, ikiwa ni nyumbani, au msikitini, au hata kwa kumpa mwenye kumdai ruhusa ya kufuatana naye kila aendako. Na imepokewa kuwa mtu mmoja alimleta mdeni wake mbele ya Mtume (s.a.w.), akaamrishwa afuatane naye, kisha Mtume alipopita akamwuliza atamfanya nini huyo mateka wake. Angalia, ndugu msomaji: aliitwa mateka, ilhali alikuwa akitembea kwa miguu yake njiani, apumua hewa ya Mungu, aona watoto wake. Hivyo ndivyo kilivyokuwa kifungo kilipoanza.

Asili ya kifungo katika Uislamu

Katika zama za Mtume (s.a.w.) na za Sayyidna Abubakar (r.a.) hapakuwa na nyumba iliyowekwa makhsusi kwa kufungia watu. Aliyehitaji kuzuiwa alizuiwa kwa kadiri ya haja. Mtu mmoja alituhumiwa, akazuiwa, kisha akaachwa aende zake. Wala hatukusikia kuwa alisahauliwa ndani.

Na mfano ulio bora kuliko yote ni khabari ya Thumama bin Uthal, mkubwa wa Bani Hanifa wa Yamama. Alitekwa, akaletwa Madina, akafungwa katika nguzo ya msikiti. Kila siku Mtume (s.a.w.) alimwendea, akamwuliza hali yake na alicho nacho cha kusema. Siku ya tatu akaamrisha afunguliwe bila ya fidia. Thumama akaenda kwenye mitende iliyo karibu, akakoga, akarudi msikitini kwa hiari yake, akasilimu. Fikiri mambo matatu katika khabari hii. Kwanza, hakufichwa na watu: aliwekwa mahali aonapo sala zao na mwenendo wao. Pili, mkubwa wa mji mwenyewe alimwendea kila siku akamsikiliza. Tatu, kifungo kilikuwa kifupi, na mwisho wake ulikuwa ni wema. Yaliyomgeuza moyo ni aliyoyaona alipokuwa amefungwa.

Kisha Uislamu ukaenea na watu wakawa wengi, na haja ikazidi. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.) ilinunuliwa nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka kwa dirham 4,000, ikawa ni mahali pa kufungia. Na Sayyidna Ali (r.a.) alijenga Kufa nyumba ya matete, akaiita *Nafi*, maana yake yenye kunufaisha. Wezi wakaitoboa wakatoka, naye akajenga nyingine ya udongo iliyo imara. Basi hatusemi kuwa kifungo hakina asili katika dini yetu, kina asili. Lakini zingatia jina lile la kwanza. Aliyeijenga alitaka amtoaye humo awe amenufaika. Na ndugu zetu wa Unguja na Pemba mpaka leo magereza yao huyaita Vyuo vya Mafunzo. Ni jina zuri, na jina zuri ni ahadi. Na ahadi ni deni.

Haki za mfungwa juu ya anayemfunga

Kila mwanafunzi wa chuoni ameisikia khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi hudhani kuwa kosa lake ni kumpiga au kumwua. Sivyo. Kosa lake, kama alivyotueleza Mtume (s.a.w.), ni kuwa alimfungia, asimpe chakula wala maji, wala asimwache ajitafutie mwenyewe. Katika khabari hii mna kanuni nzima ya kifungo: ukimzuia kiumbe kutafuta riziki yake, riziki hiyo imekuwa juu yako. Na ikiwa hivi ndivyo ilivyo kwa paka, itakuwaje kwa mwanadamu?

Kwa kanuni hiyo Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Baghdad aliyekufa mwaka 182 wa Hijra (798), alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid katika kitabu chake cha *Kharaj*. Alimnasihi kuwa wafungwa walishwe na wavishwe kwa mali ya baitulmali, nguo za baridi na nguo za joto, na wasitolewe nje na minyororo yao kuomba watu chakula. Na afaye ndani asiye na jamaa, aoshwe, akafiniwe na azikwe kwa mali hiyo hiyo. Na akamkumbusha kuwa watu huzidi ndani kwa sababu kesi zao haziangaliwi. Lau zingeangaliwa wangepungua. Na kabla yake Khalifa Umar bin Abdulaziz (r.a.), aliyetawala tangu mwaka 99 mpaka 101 wa Hijra, aliwaandikia maliwali wake kuwa asifungwe mtu kwa minyororo imzuiayo kusali kwa kusimama.

Nasi watu wa pwani, tulio wafuasi wa Imamu Shafi, tunacho kitabu cha *Minhaj* cha Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, 1277), kisomwacho katika darasa zetu tangu zamani. Humo, katika mlango wa ukadhi, imeelezwa kazi ya kadhi aingiapo mji mpya. Kazi hiyo yaanza kwa waliofungwa. Awaulize mmoja mmoja. Akiriye kuwa amefungwa kwa haki, abaki. Asemaye kuwa amedhulumiwa, basi hoja ni juu ya mshindani wake. Na mshindani akiwa hayupo, aandikiwe aje. Amalizapo wafungwa, ndipo aangalie wasii wa mali za mayatima. Ndugu zangu, twajua ukubwa wa jambo la yatima katika dini yetu. Na juu ya hivyo, mfungwa ametangulizwa mbele ya yatima, kwani yatima huweza kulia akasikiwa na jirani, na mfungwa kilio chake huishia ukutani.

Na tusidhani kuwa kila aliye ndani ni mkosa. Nabii Yusufu (a.s.) alikaa gerezani miaka naye hana kosa. Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa kwa sababu ya kuishika itikadi yake. Sarakhsi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, aliwasomesha wanafunzi wake kitabu chake kikubwa cha fikihi naye yumo kifungoni.

Madhara ya kifungo

Sasa tutazame kifungo humfanya nini mtu, tukianza na mwili wake. Penye watu wengi mahali padogo, maradhi hupata njia. Na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuwa kifua kikuu huwapata wafungwa zaidi sana kuliko walio nje. Afungwaye peke yake muda mrefu huharibika akili. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa, katika kanuni za mwaka 2015 zilizopewa jina la Nelson Mandela, ulikataza kumweka mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo.

Madhara ya pili yako katika riziki yake. Mvuvi akikosa miezi sita, chombo chake huoza ufukweni. Mwenye duka hupoteza wateja. Kibarua nafasi yake hupewa mwingine siku ile ile. Basi hutoka naye ni maskini kuliko alivyoingia, na umaskini ndio uliomwingiza wengi wao.

La tatu ni jamaa zake. Hukumu humtaja mtu mmoja, lakini huwafika wengi: mke abakiaye na kodi ya nyumba, mtoto atolewaye chuoni kwa kukosa ada, mama mzee asiyekuwa na wa kumpeleka hospitali. Na akifungwa mwanamke mwenye mtoto mchanga, sharia ya Kenya yaruhusu mtoto akae na mamaye gerezani mpaka afike miaka 4. Yaani yuko mtoto aliyejifunza kutembea ndani ya ukuta, naye hakumkosea mtu.

La nne ni suhuba. Mtume (s.a.w.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, na rafiki mwovu na avukutaye mivukuto. Kijana aliyeiba nazi, akitiwa chumba kimoja na majambazi, hupata walimu asiowatafuta. Huingia na kosa moja, akatoka na elimu ya makosa kumi.

Na la tano, lidumulo kuliko yote, ni jina. Muda wa kifungo huisha, na jina la mfungwa halishi. Akiomba kazi hukumbushwa, akiposa hukumbushwa, hata akikaa safu ya mbele msikitini hutazamwa. Hakimu alimhukumu mwaka mmoja, nasi tumemhukumu umri mzima.

Na juu ya haya yote kuna jambo lipasalo kumtia huzuni kila mwenye imani. Waliofungwa duniani leo wazidi milioni 11, na kiasi cha thuluthi yao hawajahukumiwa. Wengi katika hao wamo ndani kwa kukosa dhamana, na wengine kwa kukosa kulipa faini. Watu wawili hufanya kosa moja, siku moja, wakasimama mbele ya hakimu mmoja, wakatozwa faini moja. Mwenye nacho hulipa akenda kula chakula cha mchana nyumbani kwake. Asiye nacho hupelekwa gerezani. Je, ameadhibiwa kwa kosa lake, au kwa ufukara wake?

Khabari ya mdeni

Katika jambo la deni Sharia imepambanua vizuri. Mwenye uwezo akazuia haki za watu, huyo ni dhalimu, na kadhi aweza kumfunga mpaka alipe. Ama asiye nacho, ikithubutu kuwa hana, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara kuwa apewe muda mpaka apate wasaa, na akisamehewa ni bora zaidi. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wakasema kuwa muflisi aliyethubutu ufukara wake hafungwi. Kwani kifungo cha deni ni cha kumtoa mtu alichokificha, na asiyeficha kitu hutolewa nini?

Na hata sharia za serikali zimeielekea njia hii. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1966 yamekataza kumfunga mtu kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mapatano ya deni. Katika Kenya mwenye kudai aweza kumwombea mdeni wake kifungo cha madai kisichozidi miezi 6, lakini mahakama yapasa iridhike kwanza kuwa mdeni ana mali naye akataa kulipa, au ataka kutoroka. Wangapi katika wadeni wajua haya? Wengi hunyamaza kwa haya na khofu, wakafungwa kwa kunyamaza.

Njia zisizokuwa gereza

Mtu akisema, “Tusipowafunga, tuwafanye nini? Tuwaache waibe?” twamjibu kuwa makosa si ya daraja moja. Mwuaji, jambazi, mwenye kunajisi watoto, hao kuwazuia ni kuwahifadhi walio dhaifu, na kuhifadhi nafsi na mali na heshima za watu ni katika makusudio ya Sharia. Hatuwatetei. Wala hatuingii hapa katika mlango wa *hudud*, kwani una sharuti zake na vitabu vyake. Maneno yetu ni juu ya makosa madogo, ambayo katika fikihi adhabu yake ni *taazira*. Na taazira makusudio yake ni kumtia mtu adabu, na mlango wake ni mpana: mna nasaha, karipio, malipo na kuepukwa, na kifungo ni kimoja tu katika hayo.

Tazama waliobaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra: Kaab bin Malik, Murara bin al-Rabi na Hilal bin Umayya. Kosa lao halikuwa dogo, kwani waliacha jeshi bila ya udhuru. Hawakutiwa katika nyumba yoyote. Watu waliamrishwa wasiseme nao, ikawa siku 50. Kaab alikuwa akenda sokoni na akisali msikitini, wala hajibiwi salamu, hata ardhi ikawa dhiki kwake juu ya upana wake. Hilal alikuwa mzee, na mkewe akaruhusiwa kumtumikia. Na toba zao zilipokubaliwa, mtu mmoja alipanda mlima akapiga ukelele wa bishara, mwingine akapanda farasi akenda mbio kumweleza Kaab, na Kaab alipoingia msikitini Talha bin Ubaidullah alimwinukia mbio akampa mkono. Adhabu hii iliuma kuliko minyororo. Lakini ilikuwa na mwisho, haikuwanyima watoto wao chakula, na siku ilipokwisha mlango ulifunguliwa wazi wazi.

Na katika mateka wa Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, yapokewa kuwa wasiokuwa na mali ya kujikomboa, nao wajua kuandika, fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina. Adui akafanywa mwalimu, na mji ukapata faida iliyobaki baada ya yeye kwenda zake.

Katika nchi zetu leo ziko njia zifananazo na hizi, ingawa wengi hawazijui. Kenya iliweka sharia ya huduma kwa jamii mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2002. Watu huiita kifungo cha nje: mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3 aweza kuamrishwa kufanya kazi ya manufaa ya watu bila ya malipo, kama kufagia hospitali au kupanda miti, kisha jioni arejee kwa watoto wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa aliyeshikwa haki ya kutolewa kwa dhamana yenye masharti ya wastani, isipokuwa pana sababu nzito. Na yakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Na mwezi wa Desemba mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa rai kuwa sharia za kuwashika watu kwa uzururaji, yaani kwa kukosa kazi na makao, zapingana na haki zilizoafikiwa na mataifa ya Afrika, na kuwa yapasa zigeuzwe au zifutwe.

Na iko suluhu. Sharia ya jinai ya Kenya yampa hakimu ruhusa ya kuhimiza mapatano na malipo katika ugomvi mdogo wa mtu na mtu. Hapa pana haki isahauliwayo, nayo ni haki ya aliyekosewa. Mtu ameibiwa mbuzi. Mwizi akafungwa miezi sita. Mwenye mbuzi hakupata mbuzi wake, watoto wa mwizi wamelala na njaa, na mali ya umma imetumika kumlisha mwizi. Nani aliyenufaika? Lau angeamrishwa alipe mbuzi, hata kwa kibarua chake, haki ingerudi kwa mwenyewe. Lakini jihadharini, ndugu zangu, suluhu isiwe pazia la kufunika dhulma. Kunajisiwa mtoto na kupigwa mke si mambo ya kumalizwa barazani kwa kahawa na kufichiana aibu. Mwenye kusuluhisha kwa kumnyamazisha dhaifu amekuwa mshirika wa dhalimu.

Yaliyo juu yetu

Tumeamrishwa katika Hadithi sahihi kumfungua mateka, kumlisha mwenye njaa na kumzuru mgonjwa, na matatu haya yametajwa pamoja. La mgonjwa twalifanya, la mwenye njaa twalifanya Ramadhani. La kwanza nani alifanyaye? Haya ndiyo yawezekanayo kwa kila mji wenye msikiti:

Kwanza, katika mafungu manane ya zaka, limo fungu la wadeni. Mdeni aliyefungwa kwa deni la halali naye hana cha kulipia yumo humo. Khabari ya faini na iulizwe kwa mwanachuoni kabla ya kutoa zaka. Ama sadaka haina mlango uliofungwa.

Pili, wateuliwe watu wawili au watatu waaminifu, wende mahakamani na gerezani, wajue nani yumo ndani kwa kukosa dhamana ndogo au faini ndogo, wampelekee khabari imamu. Na mwenye ujuzi wa sheria katika jamaa ya msikiti, zaka ya elimu yake ni kumsemea asiyejua kusema.

Tatu, watoto wa mfungwa wahesabiwe katika wanaoangaliwa na jamaa, ada zao za chuo na shule zilipwe, wala wasisimangwe kwa kosa la baba yao. Hapana nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine.

Nne, mfungwa azuriwe. Apelekewe msahafu, sabuni, kitabu, salamu za nyumbani. Thumama alizuriwa kila siku.

Na tano, ambalo ni gumu kuliko yote: atokapo, apokewe. Mlevi mmoja alipokwisha kuadhibiwa mbele ya Mtume (s.a.w.), mtu akamlaani, Mtume akamkataza, akasema kuwa yule ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ikiisha, imeisha. Wazee wetu wamesema kuwa kuteleza si kuanguka. Mwenye kiwanda na ampe kazi ya kujaribiwa, mwenye chombo na ampe kasia, na imamu na amwinukie kama Talha alivyomwinukia Kaab. Tusipompokea sisi, wako wanaomngojea nje ya lango, nao si wema.

Masuala ya kujizoeza

1. Nini tafauti ya kifungo katika maneno ya Ibn al-Qayyim na kifungo kama tukijuavyo leo?
2. Mwanamke yule aliadhibiwa kwa kosa gani juu ya paka, na kosa hilo latufundisha nini katika khabari ya wafungwa?
3. Kwa nini kadhi huanza kwa wafungwa kabla ya wasii wa mayatima?
4. Taja mambo mawili yaliyo sawa katika khabari ya Thumama na khabari ya Kaab.
5. Nani katika mtaa wako yumo ndani leo, na watoto wake wamekula nini?

Suala hili la tano halina jawabu katika kijitabu hiki. Jawabu lake liko mtaani kwako, na anayepaswa kulitafuta ni wewe msomaji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliyemtoa Yusufu kifungoni akampa ezi, awafungulie waliofungwa kwa dhulma, awape toba waliofungwa kwa haki, awalinde waliobaki nyuma yao, na azifungue nyoyo zetu kabla hajatuuliza. Amin.